Taa ya Shingo ya Kupinda

Niliikuta Mgandini, juu ya turubai,
kati ya pasi isiyo na waya na kiatu cha mguu mmoja.
Muuzaji akasema kumi. Nikasema tano.
Akaiinamisha shingo, akaiinua, akaigeuza kulia,
kama mtu anayeniuzia mbuzi na kunionyesha meno.
Tukaachana kwenye elfu saba, na balbu juu yake.

Ilikuwa ya Mhina, ya kusomea.
Miaka miwili ilimwinamia daftarini
hata jogoo wa jirani akawa anaihesabu asubuhi.
Mhina akafaulu, akapanda basi la Dodoma,
akaacha taa, godoro, na soksi moja.

Mwezi mzima sikuiwasha.
Umeme wa LUKU si maji ya mvua.

Kisha jioni moja nikapoteza sindano.
Nikailaza taa kifudifudi sakafuni,
mwanga ukatambaa juu ya saruji,
kila chembe ya mchanga ikaota kivuli,
na sindano ikajisaliti yenyewe:
kivuli chake kilikuwa kirefu kuliko urefu wake.
Nikasema, kumbe una akili wewe.

Tangu hapo haijalala.
Mchele wa Mombo nauchagulia chini yake;
punje inapitisha nuru, jiwe linagoma.
Mayai nayo: naivika kichwani kopo la maziwa
lenye tundu kitakoni, naliweka yai juu ya tundu.
Lenye mishipa linarudi kwa kuku,
lililo tupu linakwenda kikaangoni.
Na Juni ile ya manyunyu
vifaranga kumi na mmoja, mama yao kachukuliwa na kicheche,
walilala chini yake ndani ya boksi la sabuni
wakidhani ni yeye.
Sikuwakatalia.

Bi Mwanakombo wa Barabara ya Kumi na Nne
aliiazima usiku wa hina ya bintiye.
Ilirudi na alama ya kidole shingoni, nyekundu,
haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu.
Nimeiacha. Na yenyewe ilikwenda harusini.

Mtoto wa Semboja alikanyaga mwiba wa samaki.
Pini, spiriti, taa.
Akalia kabla sijamgusa.

Yako niliyoshindwa pia, nisiyafiche:
nilianika soksi juu ya kofia yake,
nyumba ikanuka kama unywele umeungua;
nilidhani itafukuza mbu,
mbu wakaitana hadi wa Chumbageni.

Mwezi wa nane springi ya kiwiko ilikatika.
Kichwa kikaanguka kifuani,
kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ya mgeni rasmi.
Hoza, fundi baiskeli, akakata ukanda wa tyubu,
akaufunga mara tatu, akauvuta kwa meno.
Pesa hakutaka.
Alitaka nimwonyeshe lile la mayai.

Umeme ukikatika, hapo ndipo ninapoipenda zaidi.
Imeinama gizani, haina la kufanya,
nami natundika miwani shingoni mwake.
Mkono unajua njia. Usiku wa manane
naamka, nanyoosha vidole,
na miwani iko palepale, imeshikiliwa.

Jumapili Mhina alipiga simu.
Bwenini, anasema, taa iko juu darini,
inamulika watu wanane na haimjui hata mmoja.
Mama, ile yangu bado ipo?
Nikaitazama: chini yake shati lake la zamani,
nimelifumua mabega, nalipunguza kwa mtoto wa Semboja.
Ipo, nikamwambia, lakini ipo kazini.
Akacheka. Akanyamaza kidogo.
Huko nako masoko yapo, nikamwambia,
nenda, iwashe, ipinde shingo kabla hujalipa,
na usizidishe saba.

Nikamtumia kumi.
Mwanangu huyu hajui kugombea bei.